Sifa ya Mguu Uzuiao Mlio

Kisauni, penye njia panda iendayo Nyali, upo mnara wa kengele ambao wapita njia wameuzoea hata hawauinulii macho, ingawa mahali pale pamepata jina kwao na huitwa Kengeleni. Ni ukumbusho wa Frere Town, mji ulioanzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Kiingereza wa chama cha CMS kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya biashara ya utumwa, na wazee husimulia kwamba kengele ilipigwa kuwatahadharisha wenyeji kila lilipoonekana jahazi la kutiliwa shaka. Kwa kazi hiyo kengele haina kasoro. Lakini kwa kazi ya muziki ina ila kubwa, nayo ni kwamba aipigaye hana tena mamlaka juu ya sauti baada ya kuitoa. Ngozi ya ngoma hunyamaza yenyewe, na pumzi ya nzumari hukatika apendapo mpulizaji, bali chuma kikishapigwa huendelea kunena juu ya neno linalofuata, hata maneno mawili yakachanganyika lisisikike hata moja. Ndiyo maana katika ngoma za Wadigo huko Likoni upatu hushika mapigo, na wimbo wenyewe huachiwa nzumari.

Watu waliokishinda chuma chenye ukaidi huo wastahili sifa, na ala waliyoitumia ni vibrafoni, iliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1920. Vibao vyake ni vya alumini, vimepangwa kama vidole vya piano. Chini ya kila kibao umening'inia mwanzi wa bati wa kukuza sauti, na kinywani mwa kila mwanzi kuna kisahani kizungushwacho na mota, ambacho hufunga na kufungua njia ya sauti hata ikawa na mtetemo wa koo la mwanadamu. Hayo yote ni mapambo. Roho ya ala ni pedeli iliyo chini ya mguu: mguu ukibonyeza, vibao huachiwa huru vikalia, mguu ukiinuka, ubao wenye kitambaa kizito huvigusa vyote kwa pamoja vikanyamaza. Mikono yenye mikwiro huizaa sauti, na mguu huamua umri wake. Mtazamaji huitazama mikono, kwa kuwa ndiyo irukayo na kumeremeta. Mwenye maarifa husikiliza mguu.

Mwanzoni ala hiyo ilifanywa kichekesho cha majumba ya tamasha, mpaka Lionel Hampton, mpiga ngoma kijana, alipoipiga katika wimbo wa Louis Armstrong uliorekodiwa Los Angeles mwaka 1930, na tangu mwaka 1936 akaipiga pamoja na Benny Goodman, weusi na weupe katika jukwaa moja, jambo lililokuwa nadra nchini mwao wakati ule. Hampton aliipiga kama mpiga ngoma, kwa nguvu na furaha. Baada yake Milt Jackson alipunguza mwendo wa mota, na chuma kikapata huzuni. Wote wawili nawaheshimu, lakini fundi aliye karibu nasi zaidi, ambaye sisi wa Afrika Mashariki tumechelewa kumpa haki yake, ni Mulatu Astatke wa Uhabeshi.

Alizaliwa Jimma mwaka 1943, na wazazi wake wakampeleka Wales kusoma ili awe mhandisi. Huko shuleni kipawa kikajidhihirisha, hesabu zikaacha nafasi kwa tarumbeta, na kutoka Wales akaenda London kwenye chuo cha Trinity, kisha akavuka bahari hadi Berklee, Boston, akiwa mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika katika chuo kile. Hapo ndipo vibrafoni ilipomkalia mikononi. Mwaka 1966 alitoa New York sahani mbili zilizochanganya mapigo ya Kilatini na mahadhi ya kwao. Na baada ya miaka michache akarudi Addis Ababa na ala ambayo wenyeji hawakuwa wameizoea.

Taabu aliyoikabili yafaa ielezwe taratibu, kwa maana ustadi wake wote umo humo. Muziki wa Uhabeshi umejengwa juu ya ngazi nne mashuhuri, tizita, bati, ambasel na anchihoye, na kila moja ina sauti tano tu. Jazi hutumia sauti zote kumi na mbili na hupenda kuzirundika. Anayezirundika ovyo juu ya ngazi ya sauti tano huiua ngazi ile papo hapo. Sauti ya sita ikiingia pasipo idhini, anchihoye si anchihoye tena, na msikilizaji wa Gondar aliyekuwa akilengwa na machozi hujikuta mgeni katika wimbo wake mwenyewe. Sasa katika vibrafoni hatari hiyo iko kwenye kila pigo, kwa kuwa kila sauti iachwayo iendelee hukutana na inayofuata, ikawa mwenzi wake ama hasimu wake. Kwa hiyo Mulatu aliponyanyua mguu, alikuwa akichagua ni sauti zipi ziruhusiwe kuishi pamoja. Sikiliza sahani yake ya mwaka 1972 iitwayo *Mulatu of Ethiopia*: anapiga machache, anaacha mlio ukomae, anaukata kabla haujaharibu ulio jirani. Wasiomfahamu hudhani ana uvivu wa mikono. Kwangu mimi uchache ule ni adabu ya mtu ajuaye kwamba amekabidhiwa amana.

Wala hakuanzia patupu. Mwaka 1924, Ras Tafari, aliyekuja kuwa Mfalme Haile Selassie, aliwakuta Yerusalemu mayatima arobaini wa Kiarmenia walionusurika katika mauaji ya watu wao, akawachukua Addis Ababa wakawa bendi ya matarumbeta ya serikali chini ya mwalimu wao Kevork Nalbandian. Mtu wa Kisauni hawezi kuisoma habari hiyo asikumbuke ya kwetu, kwani James Juma Mbotela aliandika katika *Uhuru wa Watumwa*, kitabu cha mwaka 1934, jinsi watu waliotwaliwa makwao walivyoletwa Frere Town kuanza maisha upya. Na katika mtaa huohuo ndimo alimotoka Joseph Ngala na saksafoni yake, baba wa muziki wa bango, ambao huchanganya jazi, rumba na mapigo ya Pwani, na ambao harusi zetu hazitaki kuukosa.

Huko Uhabeshi, mwaka 1974 mfalme alipinduliwa, amri ya kutotoka nje usiku ikaua kumbi za dansi, na wanamuziki wengi wakaihama nchi. Mulatu alibaki. Dunia ilimsahau hata mwaka 1998, sahani zake zilipokusanywa na kutolewa tena Ufaransa katika mfululizo wa *Éthiopiques*, na mwaka 2005 mtengeneza filamu Jim Jarmusch akazitia katika filamu yake *Broken Flowers*. Sifa zikaja kwa wingi naye amekwisha kuwa mtu mzima, lakini hakuzitumia kujikweza. Amesema mara nyingi kwamba watu wa Derashe, kusini mwa Uhabeshi, wapulizao mianzi, walizijua tangu zamani ngazi za sauti ambazo Wazungu na Wamarekani husifiwa kwa kuzigundua, na huwaita wanasayansi. Alipopewa nafasi Chuo Kikuu cha Harvard aliitumia kutafuta njia ya kuiwezesha krar, kinubi cha kwao, kutoa sauti nyingi zaidi ya zile ilizorithi.

Wapo watakaosema kwamba ala ya kale iachwe kama ilivyo, na hofu yao naielewa. Lakini atakayeibadili kwa utaratibu wa Mulatu, akiuliza kwanza sauti ipi iruhusiwe karibu na ipi, hataharibu kitu. Nzumari ya sengenya, ngoma ya Wadigo, ina njia yake ya kupanda na kushuka ambayo piano haiwezi kuifuata hatua kwa hatua. Natamani kuisikia ikijibiwa na vibao vya alumini, mikwiro ikiwa mkononi mwa mtoto wa Likoni aliyeijua nzumari ile kabla hajaingia darasa lolote la muziki.