Nice: Hadithi Iliyomo Ndani ya Ingizo la Kamusi

Fungua kamusi kuu ya Kiingereza, ile ya Oxford iliyoanza kutolewa sehemu kwa sehemu mwaka 1884 na kukamilika 1928, utafute "nice". Kwenye mabano utaikuta asili yake: Kifaransa cha kale, na nyuma yake Kilatini "nescius", asiyejua. Neno ambalo leo Mwingereza hulitumia kusifia chai, mgeni na hali ya hewa lilianza likiwa la kumdharau mjinga.

Wengi hushangaa, wakaishia hapo. Utamu wa ingizo hili umo chini ya mabano, katika nukuu zilizopangwa kwa miaka. Kwa Chaucer, karne ya 14, mtu anayeitwa "nice" ni mpumbavu. Kwa Shakespeare, ugomvi ukiitwa hivyo ni wa jambo dogo lisilo na uzito. Kuna maana ya mtu anayechagua-chagua, kuna ya usahihi wa hali ya juu, na katika karne ya 18 neno linatua kwenye kupendeza. Mhariri haziunganishi hatua hizi kwa sentensi hata moja. Anaweka mwaka, jina la mwandishi, nukuu, basi. Daraja tunalijenga sisi: mjinga huhangaikia vidogo, anayehangaikia vidogo huwa mchaguzi, na mchaguzi huona tofauti zinazowapita wengine. Hadithi tumeitunga wenyewe, ila mfululizo wa tarehe unatufanya tuamini kwamba tumeikuta imeandikwa.

Kwenye karne ya 16 na ya 17 mfululizo huo unakwama. Mhariri anaeleza wazi kwamba katika baadhi ya nukuu za wakati ule ni vigumu kujua mwandishi alikusudia maana ipi. Hapo ndipo ninapomwamini zaidi, kwa sababu namba za fasili zinatenga maana ambazo vinywani mwa watu zilikuwa zimechanganyika.

Jane Austen alizichanganya makusudi. Katika Northanger Abbey, riwaya iliyotoka mwishoni mwa 1817, Catherine anasifu kitabu kwa neno hili, na Henry Tilney anamtania: eti hapo awali lilihusu unadhifu na uungwana tu. Lakini "awali" ya Henry ni kituo cha katikati. Angerudi hadi kwenye Kilatini, Catherine angekuwa amekiita kitabu hicho kijinga! Anayeitetea asili ya neno huchagua mwenyewe pa kusimama, na Henry amesimama panapompendeza. Dada yake, Eleanor, hamjibu kwa historia. Anamgeuzia neno lilelile kwa maana ya uchaguzi uliopita kiasi, akisema kwamba linamfaa yeye Henry, tena bila sifa yoyote. Katika mazungumzo ya ukurasa mmoja, maana tatu zimepita kati ya watu watatu, na kila mmoja ameelewa alichoambiwa.