Duara la Jiwe la Walakota

Duara dogo la jiwe, lenye msalaba kati na rangi nne, nyeusi, nyekundu, njano na nyeupe, huuzwa kwa sifa ya ukale wa Walakota. Sifa hiyo yataka kupimwa. Wazo la duara takatifu ni lao kweli. Lakini duara kuu la mawe lililo katika milima ya Bighorn, Wyoming, lenye mistari 28 na upana wa mita 24 hivi, huheshimiwa na makabila mengi. Haifai ukale wake kuazimwa ili kupamba kidani.

Ustadi utafutwe katika jiwe lenyewe. Jiwe jekundu la Pipestone, Minnesota, ambalo Walakota na jamaa zao hulichonga viko vya ibada, limelala chini ya mwamba mgumu mno. Mwamba huo huvunjwa kwa nyundo na kabari, kwa nguvu za mikono, na siku nyingi hupita kabla tabaka jembamba halijaonekana. Likishapatikana, ni laini, hukatika kwa kisu; taabu yote imo katika kulifikia. Machimbo hayo yamehifadhiwa na serikali tangu 1937, na wachimbao ni wenyeji wa asili tu. Sheria ya 1990 nayo yakataza kuuza kazi ya mgeni kwa jina lao.

Hata hivyo, wapo Walakota wasemao kuwa jiwe hilo, kwa utakatifu wake, halistahili kuuzwa kabisa. Lawama hiyo humwelekea fundi wa kweli kuliko mwigaji, na mhakiki asifuye uzuri wa kazi hana budi kuisikia.