Nyimbo Zilizokataliwa na Sauti ya Uzeeni: Tahakiki ya Albamu ya George Jones

Mnamo mwaka 2005 George Jones, mwimbaji mashuhuri wa muziki wa kantri kutoka Texas, Marekani, alitoa albamu yake Hits I Missed... And One I Didn't akiwa amepita umri wa miaka 70. Humo aliimba nyimbo alizowahi kupewa akazikataa, kisha zikavuma vinywani mwa wengine: "Detroit City" uliomvumisha Bobby Bare mwaka 1963, "On the Other Hand" wa Randy Travis na "Too Cold at Home" wa Mark Chesnutt. Je, wimbo kama huu ukiimbwa hatimaye na aliyeukataa, ni uigaji au ni utungo mpya?

Wanafasihi simulizi wanashikilia kwamba maana ya wimbo haimo katika maneno pekee, bali hukamilishwa na fanani, wakati na hadhira. Mfano bora ni "The Blues Man", utungo wa Hank Williams Jr. wa mwaka 1980, ambao Jones anauimba pamoja na Dolly Parton. Nafsineni ni mwimbaji aliyeharibiwa na ulevi, akaokolewa na mapenzi ya mwanamke. Mwaka 1980 Jones alikuwa bado mateka wa pombe. Angeuimba wakati huo, ukombozi huo ungekuwa tamanio tu; mwaka 2005 ni ushuhuda.

Hata hivyo, albamu hii ina dosari ya uteuzi. Nyimbo alizozikataa Jones zikafifia hazimo. Zimekusanywa zilizofaulu pekee. Kwa hivyo uamuzi wake unapimwa kwa mizani ya soko, wala si ya sanaa.

Wimbo wa mwisho ndio unaoiokoa hoja ya albamu. "He Stopped Loving Her Today", utungo wa Bobby Braddock na Curly Putman, ulishika nafasi ya kwanza mwaka 1980, ingawa Jones alisitasita kuurekodi kwa kuuona wa simanzi kupita kiasi. Aghalabu basi fanani si hakimu bora wa utungo anaopewa. Katika rekodi ya kwanza anasimulia kifo cha mtu mwingine. Katika ya pili, miaka minane kabla ya kufariki kwake mwaka 2013, msimulizi na msimuliwa wamekaribiana. Mhakiki anayezilinganisha rekodi hizi hana budi kuuhesabu umri wa sauti kuwa sehemu ya matini.