Tarakimu sita zilitosha

Mwaka 1964 Hayakawa Electric, ambayo leo ni Sharp, ilitoa kikokotoo cha transista kiitwacho CS-10A: kilo 25, yeni 535,000, pesa ya kununulia gari dogo. Agosti 1972, Casio ikaingiza sokoni Casio Mini kwa yeni 12,800.

Wengi husema kilichoshusha bei ni chipu tu. Chipu ilisaidia sana, kwani kazi ya mamia ya transista ilihamia kwenye kipande kimoja cha silikoni. Ila Busicom, washindani wa Casio, nao walikuwa nayo. LE-120A yao ya mwaka 1971 iliendeshwa na chipu moja ya Mostek, ikaenea mkononi, na bado iliuzwa yeni 89,800.

Casio walipunguza. Vikokotoo vingi vya wakati ule vilionyesha tarakimu 8 au zaidi. Mini ilionyesha 6. Kila tarakimu ilikuwa na taa yake, na kila taa ina gharama yake kiwandani na inakula betri. Tena hesabu za mtu wa kawaida, za sokoni au za nauli, ni nadra kufika yeni milioni moja. Nukta ya desimali nayo ikaondolewa.

Gawanya 22 kwa 7. Mini inakupa 3, basi. Bonyeza kitufe chenye mshale: 142857. Desimali zilikuwemo ndani muda wote, zinangoja kuitwa. Jibu refu la kuzidisha nalo husomwa hivyohivyo, nusu kwa nusu, hadi tarakimu 12. Chipu inabeba jibu zima, kioo kinalitoa kwa awamu, na kukumbuka nukta inakaa wapi ni juu yako mnunuzi. Mhasibu angeguna, lakini hakutengenezewa yeye. Kwa maoni yangu kitufe kile kimoja ndicho kilichoishusha bei bila kuiharibu mashine. Ndani ya miezi kumi ziliuzwa milioni moja.

Vita vya bei vilivyofuata viliua wengi. Busicom ilifilisika mwaka 1974. Sharp walipita njia nyingine. EL-805 yao ya mwaka 1973 ilitumia kioo cha LCD, ambacho hakitoi mwanga wake chenyewe, hivyo betri moja ya AA ilidumu saa 100. Kuongeza tarakimu hakukuwa tena mzigo kwa betri, nao wakaweka 8. Bei: yeni 26,800, zaidi ya mara mbili ya Mini.