Gigi: Aliyebadilika ni Nani?

Filamu ya Gigi ilitoka mwaka 1958. Iliongozwa na Vincente Minnelli, na kwenye Oscar za mwaka uliofuata iliteuliwa mara 9 ikabeba zote 9, pamoja na ile ya filamu bora. Ukiwauliza wanaoipenda watakwambia ni hadithi ya mapenzi: kijana tajiri wa Paris, kiwembe anayejulikana mji mzima, anampenda binti mmoja asiye na makuu, anaacha mambo yake, anaoa. Nimeiangalia mara tatu sasa, mbili pale kituo cha vijana na vijana wetu, moja peke yangu usiku kwenye simu. Sikubaliani na maelezo hayo. Gaston anaoa, hilo kweli. Lakini kubadilika ni jambo jingine.

Kwa wale ambao hawajaiona. Ni Paris ya mwaka 1900. Gigi analelewa na bibi yake anayemwita Mamita. Mama yake yupo humo humo ndani, ni mwimbaji wa opera, ila hatumwoni hata mara moja: tunasikia tu sauti yake nyuma ya mlango akifanya mazoezi. Wanawake wa familia hii hawaolewi, wanawekwa kinyumba na matajiri. Filamu haitamki hivyo, maana Hollywood ya wakati huo ilikuwa bado na kanuni zake za maadili na maneno mengine hayakuruhusiwa, kwa hiyo kila kitu kinaitwa mpango, makubaliano, kutunzwa. Sisi wenye neno kimada hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Gigi anapelekwa kila wiki kwa shangazi yake bibi, Alicia, ambaye ni kama kungwi wake. Anafundishwa kula kindege kidogo na mifupa yake, kumimina kahawa, kumchagulia mwanaume sigara, na kutofautisha kito cha thamani na kito cha kudanganyia watoto. Yaani unyago mzima, ila mwisho wake si ndoa.

Gaston Lachaille ni mrithi wa utajiri wa sukari (sukari, ndugu zangu!). Anakuja kwa Mamita kupumzika, kula chakula cha kawaida na kucheza karata na Gigi, ambaye humwibia waziwazi kwenye mchezo. Kazi yake nyingine ni kuchoka. Kuna wimbo mzima ambapo mjomba wake Honoré anamtajia uzuri wa dunia na yeye anajibu kwamba vyote vinamchosha. Ukumbi wetu ulicheka sana hapo. Sisi tunajua kuchoka, lakini kwetu ni kuchoka kwa kusubiri. Mtu anayechoshwa na vitu alivyonavyo tulimwona kama mnyama wa ajabu.

Niseme wazi, filamu ni nzuri kuangalia. Nyimbo ni za Lerner na Loewe, mavazi na mapambo ni ya Cecil Beaton, na sehemu kubwa ilipigwa Paris penyewe. Wacongo na Warundi wenzangu wanaojua Kifaransa walichekeshwa na Paris ambayo watu wote wanaongea Kiingereza, tena wakati wenye Kifaransa chao wamejaa humo: Maurice Chevalier, Louis Jourdan, Leslie Caron. Na huyu Caron, aliyeigiza Gigi akiwa na miaka 26, akifika kwenye kuimba sauti si yake, ni ya Betty Wand. Nilipolisoma hilo nikaona linafanana na hadithi yenyewe.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Gaston ana kimada anayeitwa Liane. Anagundua kwamba Liane ana mwalimu wa kuteleza kwenye barafu pembeni. Hapo Honoré anamfundisha mpwa wake namna ya kumwaibisha, na anamwaibisha. Liane anakunywa sumu, kidogo, ya kutosha kuandikwa gazetini tu, na filamu inatuambia huwa anafanya hivyo. Honoré anampongeza Gaston kama vile kijana kafaulu mtihani. Watengenezaji walitaka tucheke. Kituoni hakuna aliyecheka. Hapa kambini kila blok inajua jina la mtu, na sitaendelea. Ila nataka msomaji akumbuke kwamba huyu ndiye mwanaume ambaye baada ya saa moja tutaambiwa ana moyo mzuri, na kuhusu Liane hatasema tena neno la majuto.

Na huyo Honoré ndiye anayetufungulia filamu, mzee wa kofia na fimbo bustanini, akiimba kwa furaha kuhusu wasichana wadogo ambao siku moja watakuwa wakubwa. Kwenye mafunzo ya ulinzi wa mtoto tungemwandika jina.

Lakini sehemu bora ya filamu pia ni yake. Wako pwani ya Trouville, jioni, yeye na Mamita. Kumbe walipendana zamani. Anaimba jinsi anavyokumbuka kila kitu, na kila anachokumbuka kimekosewa. Mamita anamsahihisha taratibu, bila hasira. Watu wanausifu wimbo huo kwa utamu wake, na ni mtamu kweli. Mimi nasikia jambo jingine. Anayekumbuka ni yule aliyelipa. Kabla ya wimbo Honoré mwenyewe anakiri: alimpenda Mamita mpaka wazo la kuoa likaanza kumjia, akaogopa, akakimbilia kwa mwimbaji mwingine ili aponyoke. Anasimulia kama kichekesho. Mbele yake amekaa mwanamke aliyezeeka kwenye nyumba ya kupanga, anayepiga hesabu ya maisha ya mjukuu. Mtu anayetaka kujua Gigi angekuwa nani baada ya miaka 40 amtazame Mamita hapo pwani.

Ndiyo maana siwezi kumchukia bibi huyu. Rafiki yangu mmoja, mfanyakazi wa shirika, aliniuliza kwa nini hakumtafutia mjukuu kazi ya heshima. Swali zuri, lakini linaulizwa na mtu mwenye mshahara. Mamita anamjua Gaston kuliko wanaume wengine wote ambao wangeweza kuja. Anajua anapenda chakula gani, anajua hana mkono wa kupiga. Kwake yeye hiyo ni kinga. Gaston anapokuja na ombi lake, Alicia na mawakili wanakaa kupanga mkataba: nyumba, watumishi, gari. Kuna mabibi humu kambini wamewahi kupiga hesabu ya namna hiyo kwa vitu vidogo zaidi, simu na mchele, na wakati wa kupiga hawakuwa watu wabaya. Matokeo ndiyo yalikuwa mabaya.

Gigi anakataa. Anamwambia Gaston kwa maneno mepesi kwamba atalala kitandani kwake, watamwandika magazetini, kisha yatakwisha na yeye ataenda kitanda cha mwanaume mwingine. Gaston anajitetea kwamba anampenda. Gigi ndiyo kwanza anashtuka: unanipenda, halafu unataka kunitia kwenye maisha hayo? Hakuna mtu mwingine kwenye filamu anayesema kweli namna hiyo. Gaston anajibuje? Anakasirika na kuondoka, amekosewa heshima.

Wasichana wa kikundi chetu walipiga makofi hapo. Halafu wakanyamaza, maana baada ya muda mfupi Gigi anamwita arudi na kusema heri ateseke pamoja naye kuliko ateseke bila yeye. Yaani "hapana" yake imedumu siku chache. Sisi tunaofundisha stadi za maisha tunamwambia msichana sema hapana, tunachora na bango. Bango halina mchoro wa siku ya pili, wakati hapana imeshasemwa na nyumbani kila mtu anakutazama.

Kisha chakula cha usiku pale Maxim's. Gigi amevaa gauni kubwa, anafanya kila alichofundishwa bila kukosea: kahawa, sigara, mazungumzo kuhusu lulu. Gaston anampa bangili ya vito. Honoré anapita mezani kumpongeza mpwa wake kwa chaguo lake, kama mtu anavyosifu farasi. Uso wa Gaston unabadilika, anamshika binti mkono, anamburuta mpaka nyumbani kwa bibi yake akilia, bila kumweleza. Anazunguka usiku mjini, anasimama karibu na chemchemi, anarudi, anagonga, anaomba kuoa.

Mapenzi alikuwa nayo hata alipoleta mkataba. Gigi mwenyewe alimwonyesha. Kilichoongezeka Maxim's ni aibu ya kujiona kwenye macho ya mjomba. Aibu si kitu kibaya, imeokoa watu wengi. Ila Honoré asingepita mezani?

Na ombi lenyewe analipeleka kwa Mamita. Gigi amesimama palepale, haulizwi. Najua kuna atakayesema posa hupelekwa kwa wazee, huo ndio utaratibu hata kwetu. Sawa. Lakini hata kwenye mahari nilizohudhuria mimi, kabla mali haijapokelewa binti huitwa mbele ya wazee aulizwe kama ipokelewe. Kuna binti mmoja aliinamisha kichwa muda mrefu mpaka mbuzi wakaanza kulia nje. Paris ya Minnelli haikumpa Gigi hata muda huo.

Colette, aliyeandika hadithi hii, alimfanya Gigi msichana mdogo zaidi na kuiacha ndoa ikatue ghafla, kwa sentensi chache. Hollywood ikaongeza rangi, magari ya farasi na Honoré wa kuimba tena mwishoni, huku wawili hao wakipita bustanini wamevaa vizuri.

Tutaionyesha tena mwezi ujao, na safari hii tumewaalika akina bibi. Ningependa kuwasikia kwenye ile sehemu ya Trouville, maana vijana waliona ni ya wazee wakatoka nje kununua karanga.