Gamondi na mabao ya viungo

Taifa Stars ilivuka hatua ya makundi ya AFCON 2025 bila kushinda mechi hata moja. Ilifungwa 2-1 na Nigeria, ikatoka sare ya 1-1 na Uganda, kisha 1-1 na Tunisia. Angola nayo ilikuwa na pointi mbili na tofauti ileile ya mabao. Kilichoibeba Stars ni mabao ya kufunga: 3 dhidi ya 2.

Basi, nani aliyafunga? Charles M'Mombwa, Simon Msuva kwa penalti, na Feisal Salum. Wawili kati yao ni viungo, na kwa anayemfuatilia kocha Miguel Gamondi hilo si la kushangaza. Shabiki wa Kinampanda, mkoani Singida, anamfahamu: Stars ilimchukua Novemba 2025 akiwa kocha wa timu ya mkoa huo, Singida Black Stars.

Gamondi ni Muajentina wa Olavarría. Uchezaji haukumpa jina kubwa; jina lake limetoka benchi, tena hasa Afrika: Afrika Kusini, Algeria, Morocco, kisha Tanzania. Kocha wa kuhamahama hapewi miaka ya kujenga. Anafika, anatazama kilichopo, anakipanga.

Alitua Yanga 2023, kipindi kilekile straika Fiston Mayele alipoondoka kwenda Pyramids. Wengi tungelilia straika mpya. Yeye akayagawa mabao kwa watu wa nyuma ya straika. Ushahidi mzuri ni mechi ya Novemba 5, 2023 dhidi ya Simba. Kennedy Musonda aliifungia Yanga dakika ya 3, Kibu Denis wa Simba akasawazisha ya 9, na hadi mapumziko ilikuwa 1-1. Kipindi cha pili straika akawa chambo tu: mabeki wa kati wa Simba wakimfuata, Maxi Nzengeli na wenzake wanaingia kwenye nafasi iliyoachwa. Nzengeli akafunga la 64, Aziz Ki la 73, Nzengeli tena la 77, na Pacôme akamaliza kwa penalti ya 87. Tano kwa moja, manne ya viungo! Aziz Ki akaumaliza msimu na mabao 21 ya ligi, kinara wa wafungaji.

Mpango huo una bei yake. Viungo wakipanda na mpira ukapotea, mabeki hubaki peke yao. Novemba 2024 Yanga ilifungwa 1-0 na Azam, halafu 3-1 na Tabora United, na kibarua chake kikaota nyasi.

Singida hakubadilika. Fainali ya Kombe la Kagame, Septemba 2025, waliichapa Al Hilal ya Sudan 2-1, mabao yote mawili ya Clatous Chama. Kiungo tena.

Stars, haki isemwe, ilifuzu AFCON chini ya kocha Hemed Suleiman 'Morocco'. Gamondi alikuwa na wiki chache tu, hivyo aliwarudisha watu nyuma na kutegemea mashambulizi ya kushtukiza. Bahati nayo ilikuwepo: dakika za nyongeza, Allan Okello wa Uganda alipaisha penalti juu ya mwamba.

Januari 4, 2026, mjini Rabat, ukuta ule uliwazuia wenyeji Morocco hadi dakika ya 64, Brahim Díaz alipofunga bao pekee.