Maktaba Kuu: Ghala la Elimu na Ufunguo Wake

Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, miezi kumi tu baada ya Azimio la Arusha. Kwa hiyo ni haki kuihakiki kwa kipimo cha Azimio lenyewe. Azimio lilitaka njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa wakulima na wafanyakazi. Elimu nayo ni nyenzo, na maktaba ni ghala lake. Je, ufunguo anao nani?

Wengi wanaojaza meza zake ni wanafunzi walioinamia madaftari yao wenyewe, wakisubiri mitihani. Hilo si kosa lao. Lakini maktaba inayotumika kwa meza zake kuliko vitabu vyake imebaki jengo tu. Na kuli wa bandarini akiingia, atasoma nini, na kwa lugha gani?

Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 walikuwa wamebaki takriban mmoja katika kumi. Ushindi huo uliletwa na kampeni ya kisomo, chini ya miembe na madarasani, si na kuta za mjini. Lakini aliyejifunza kusoma akikosa cha kusoma, husahau.

Wajibu wa kada, basi, si kulisifu jengo. Ni kudai vitabu vya Kiswahili vya kilimo, afya na historia, na kuhakikisha vinafika vijijini. Ukombozi wa fikra hauazimwi kwa wachache.